Maman Bibiane Anatuachisha Kidogo Kidogo

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya homoni ya hospitali yetu, Muuguzi Bibiane Kahambu anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Wakongo wenzake hatukuiacha tarehe hiyo ipite bila utani: nchi ilipata uhuru siku hiyo, na sasa Maman Bibiane naye anapata wake. Alitujibu kwamba nchi ilipewa uhuru kwa ghafla mno, ila wake yeye ameuandaa. Wakati ule tulicheka tu, hatukujua alikuwa anasema kweli.

Alizaliwa Butembo, akasomea uuguzi huko huko, kisha akafika Brussels na diploma ambayo ilimbidi aihangaikie upya darasani, kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Wenzake wengi waliomba kupelekwa upasuaji, mahali ambapo kidonda unakiona na mshono unauona. Yeye alikwenda kwenye homoni, ambazo hakuna anayeziona. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza wagonjwa vitu hivyo visivyoonekana: tezi ya shingoni inayopanga mwendo wa mwili mzima, kongosho linalotoa insulini ili sukari itoke kwenye damu na kuingia kwenye seli, na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, zinazotoa kortisoli, homoni inayotuinua asubuhi na kutubeba tukiugua.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kabla ya kumuuliza mgonjwa lolote, alivuta kiti, akachukua mikono yake na kuipaka mafuta, polepole, kama anavyopakwa mtu aliyetoka kuoga. Mwanzoni mimi, Darlène, muuguzi mwenzake, mtu wa Lubumbashi mwenye haraka zangu, niliona anapoteza wakati. Kumbe ndipo alipokuwa anasoma: joto la kiganja, mtetemo wa vidole, rangi ya ngozi.

Wengi wenu mliomo ukumbini leo mnamjua Larissa, mwimbaji wa kwaya. Yeye na mama yake wameniruhusu niyaseme haya. Mwaka juzi Larissa alianza kuchoka. Akawa anatapika, anapungua, akisimama anaona giza. Nyumbani walidhani amerogwa, kanisani wakampangia mfungo wa maombi. Siku ya pili ya mfungo alianguka, akaletwa kwetu akiwa hajitambui vizuri. Daktari Chloé aliona shinikizo la damu limeshuka na sukari imeshuka, akahisi kwamba kortisoli haipo, akaagiza atundikiwe dripu ya kortisoli ya dawa bila kungoja majibu ya maabara. Hilo ndilo lililomwokoa usiku ule. Lakini kwa nini tezi za binti mwenye afya zimezimika? Mama yake aliapa kwamba mwanawe hanywi dawa yoyote, na kwa alivyojua, ilikuwa kweli.

Asubuhi Maman Bibiane alimpaka Larissa mafuta mikononi. Uso ulikuwa mweupe, viungo vya vidole vimebaki vyeusi. Akamwomba mama mtu ashuke akanywe kahawa, akafunga mlango, kisha akakunja mkono wa gauni lake la kazi hadi begani na kumwonyesha michirizi ambayo sisi hatukuwahi kuiona. Naye aliwahi kujipaka krimu, miaka ile alipokuwa mchumba. Larissa alilia, kisha akasema yote. Alijipaka krimu ya kung'arisha ngozi mwaka mzima, mwili mzima, kwa ajili ya harusi. Halafu yakaja mahubiri juu ya kuipenda ngozi aliyopewa na Mungu. Yakamchoma, akaitupa yote siku moja.

Krimu ile ilikuwa na dawa kali ya jamii moja na kortisoli, na ilipenya ngozi hadi kwenye damu. Ubongo uliona kortisoli imejaa, ukaacha kuziagiza tezi, na tezi zikalala. Maman Bibiane alimweleza hivi, nami nilikuwa nimeshaingia na kusimama pale na trei: "Bon, kichwa yako njo maman ya nyumba. Kama batu ya inje banaleta bugali kila siku, haiite tena ku cuisine. Donc, bale bapishi ba cuisine banalala. Siku batu ya inje banaacha kuleta, moto iko wapi? Iko zéro." Sisi wa Katanga ugali tunauita bukari, lakini siku hiyo sikumsahihisha.

Dawa ya Larissa ilikuwa ni kumeza vidonge vya kortisoli, kisha kuvipunguza kwa miezi mingi, kidogo kidogo, ili ubongo uhisi njaa na kuanza tena kuagiza. Akipata homa dozi inaongezwa, na kuiruka ni hatari. Hakuna aliyeweza kumwahidi kwamba tezi zitaamka. Huenda angemeza vidonge hivyo maisha yake yote.

Kulikuwa na mfungo mwingine mbele, na wanawake wengine wenye krimu kabatini. Kwa hiyo Jumapili moja Maman Bibiane, shemasi anayeheshimiwa na ambaye hakuna aliyemdhania neno baya, alisimama mbele ya kanisa zima. "Miye pia nilipakaa," alisema. "Musitupe siku moja. Mukuje kwanza tuongee." Nilikuwa kwenye kiti cha nyuma na niliogopa kwa niaba yake, kwa sababu nayajua maneno ya watu wetu yanavyokimbia kutoka kanisani hadi maduka ya Wakongo ya mtaa wa Chaussée de Wavre. Maneno yalikimbia kweli, naye yalimuuma, na hakukana kwamba yalimuuma. Wanawake nao walikuja, wakijifunika vitambaa, na mchungaji akatangaza kwamba mwenye vidonge vya tezi asivikatize kwa ajili ya mfungo.

Baada ya hapo alitugeukia sisi wauguzi wa idara. Mwaka jana aliomba kupunguziwa siku za kazi: kwanza siku nne kwa wiki, halafu tatu, halafu mbili. Tulidhani ni magoti yanayomuuma. Siku yake ya kwanza ya kutokuwapo, Papa Jérôme, aliyekuwa amegunduliwa kuwa na kisukari siku chache tu kabla, aliikataa sindano ya insulini kabisa. Nikampigia Maman Bibiane mara nyingi, simu imezimwa. Nilikasirika kweli. Mwishowe nikavuta kiti, nikaichukua mikono ya Papa Jérôme na kuipaka mafuta, nikiwa sijui nitakaloanza nalo. Alianza yeye. Aliogopa kwamba sindano ni dalili ya mwisho, kama ilivyokuwa kwa kaka yake. Tulipolizungumza hilo, akakubali kuchomwa. Kesho yake niliporusha lawama zangu, Maman Bibiane alinijibu: "Na mubona? Hamukukufa."

Ndipo nikaelewa. Miaka yote tulisema "Maman Bibiane atajua", na tukalala. Alikuwa anatuachisha kama alivyomwachisha Larissa vidonge.

Wiki iliyopita damu ya Larissa ilipimwa alfajiri, kabla hajameza chochote. Tezi zake zinafanya kazi zenyewe. Maman Bibiane aliyasoma majibu, akaketi, akalia mbele yetu bila kujificha, nasi tukalia naye.

Asante, Maman, kwa mikono yako na kwa ujasiri wako wa Jumapili ile. Tunakuombea miaka mingi yenye usingizi mzuri, wajukuu wenye kelele, na safari ya Butembo siku njia itakapokuwa salama. Larissa amepimwa, amefaulu. Sisi tutapimwa kuanzia Jumanne asubuhi, siku ya kwanza bila wewe.