Koo Langu Lilipofunguka, Mama Mkwe Akapona

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasimama mbele yenu kushuhudia, ingawa yamepita miaka.

Naitwa Kabula, wa kijiji cha Mwandoya, Usukumani. Wakati ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia vijijini na malori yao, mimi nilikuwa mwanamke wa shoka. Ghafla kope zikaanza kuniangukia. Asubuhi nafanya kazi zote, jioni nimelegea. Ugali ukawa unanikwama. Halafu siku moja, mbele ya wageni, nikanywa uji, ukatokea puani! Watu waliruka kwenye viti.

Masanja, binamu wa mume wangu, akapaza sauti: "Huyu kafungwa koo! Nani anampikia?"

Aliyenipikia ni mama mkwe wangu, mayu Holo, yaani mama Holo, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Nanyi mnajua, ndugu zangu, siku zile bibi kizee wa macho mekundu akinyooshewa kidole kuwa mchawi aliishia wapi. Mapanga!

Nikataka kusema, "Si mayu." Ulimi ukagoma. Likatoka neno moja tu, "mayu." Masanja akashangilia: "Mmesikia? Kamtaja mwenyewe!"

Yesu wangu! Kinywa changu kilikuwa kinamuua mtu aliyenilisha!

Mume wangu Luhende akaomba lifti kwenye lori la pamba, tukaenda hospitali Bariadi. Mayu tukamchukua, maana kumwacha nyumbani ilikuwa kumwacha afe. Masanja naye akapanda, eti asikie mwenyewe.

Nyumbani walikuwa wakinilaza chali na kunimiminia uji. Daktari aliposikia hivyo alishtuka. "Mnampelekea chakula kwenye mapafu!" Akaniketisha wima. Akanipa maji kijiko kimoja, vidole vyake vikiwa kooni pangu, akipapasa kuona kama koo linapanda. Nikakohoa, akaacha hapo hapo. Akaniambia niseme "aaa," akasikia sauti imelowa maji. Akanitazamisha juu mpaka kope zikaanguka zenyewe.

"Asubuhi unameza vizuri kuliko jioni?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hajarogwa huyu," akasema. "Mishipa ya fahamu inatuma ujumbe, misuli haiupokei vizuri, inachoka upesi. Tujaribu sindano."

Masanja akacheka.

Ndugu zangu, haukupita muda mrefu kope zikapanda! Daktari akanipa kijiko kingine. Maji yakashuka. Kingine, yakashuka! Nikafumbua kinywa: "Si mayu! Mayu hana kosa!"

Masanja akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Mayu akaketi sakafuni, akalia kama mtoto mchanga.

Siwadanganyi. Nguvu ya sindano iliisha, koo likalegea tena, nikadhani nimeota. Lakini nikapewa vidonge, na hadi leo navimeza kabla ya kula. Nakula nimekaa wima, kidogo kidogo. Ugonjwa ninao, ila uhai ninao pia! Mayu alizeeka, akafa kitandani kwake. Masanja ndiye aliyeshika jembe la kwanza kuchimba kaburi, na machozi yalimtoka.

Namshukuru Mungu aliyeumba koo, akampa mwanadamu akili ya kulipima. Ndugu yangu uliyekata tamaa, mtumaini Yeye. Mgonjwa wako anayepaliwa usimlazimishe, mpeleke akapimwe. Na yule bibi kizee mnayemkwepa njiani, leo mpelekee kuni.