Chumvi ya Dakika ya Kumi na Mbili

Mheshimiwa Meya wa mji wetu, Mwenyekiti wa kijiji, Mama Juliet Athieno, Baba Mchungaji, wazee wa Kisoko mliokuja kumchukua mtu wenu, madereva, wabadilishaji fedha, akina mama wa sokoni na vijana wa boda boda, wageni wetu mliovuka kutoka Busia ya upande wa Kenya, ambao natumaini leo mmepita langoni na si kwenye njia ya panya, na wewe mwenyewe, Mzee Vincent Owori, uliyekaa hapo mbele katika koti ambalo sote tunajua si lako: nawasalimu kwa heshima zote.

Kwa wasionijua, naitwa Loy Nasirumbi, wakala wa forodha hapa mpakani, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa. Kazi yangu ni kusoma karatasi, kuangalia gari, kisha kusema kama hivyo viwili vinafahamiana. Karatasi ikisema vitunguu na matairi yamebonyea kama gari limebeba saruji, mimi ndiye ninayemwambia dereva ashuke tuongee. Macho haya ndiyo yanayonilisha. Ndiyo pia yaliyonifanya nichaguliwe kusema leo, kwa sababu hakuna mtu katika wilaya hii aliyemsumbua Mzee Owori kuliko mimi.

Wageni wetu huenda hawajui kazi aliyokuwa akiifanya. Picha za sinema ukumbini mwake zilikuja na Kiingereza, na Kichina, na Kihindi, nasi tulikaa kwenye mabenchi, Wasamia, Jopadhola, Wateso, Wajaluo, kila mmoja na lugha ya mama yake. Owori alikaa kando ya skrini na kipaza sauti chake, akatugeuzia yote kwa Kiswahili chetu cha mpakani. Alikuwa mwanamume, alikuwa mwanamke, alikuwa mbwa, alikuwa helikopta, yeye peke yake, kila Jumapili baada ya ibada kwa miaka ishirini na minane. Vijei wengine, yaani wageuzaji wa picha kama yeye, wapo, na wengine wana sauti nzuri kuliko yake. Lakini ukumbi wa Owori ulikuwa na sheria ambayo sijaisikia kwingine.

Ukiona picha inakudanganya, ulisimama ukapiga kelele, "Simamisha!" Naye alisimamisha. Kisha ilikuwa juu yake kuuziba ule ufa mbele ya watu wote, na hakujiruhusu kukana kile ambacho macho yetu yalikuwa yamekwisha kukiona. "Kitu imeonekana, imeonekana," alikuwa akisema. Akishaziba, na watu wakiridhika, alitangaza, "Picha iendelee!" Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu mzee aliziba nyufa za kuta zilizojengwa mbali kabisa, na watu wenye fedha nyingi, ambao hawakujua hata kama yupo duniani.

Na sisi watu wa mpakani, jamani, nani angetudanganya? Shujaa anaruka kutoka darajani katika nchi moja, anaibukia katika nchi nyingine, anaagiza chai. Ukumbi mzima unasimama: "Simamisha! Muhuri uko wapi? Amepita wapi forodha?" Watu wa miji mingine hawaoni hilo, wanatazama tu jinsi alivyoruka. Owori alikuwa akitazama dari kidogo, halafu anasema, "Amepita panya. Na mutu ya kumuonyesha njia iko hapa ndani, sitaji jina." Watu walicheka hadi mabenchi yakalia, na wako waliocheka wakiangalia chini.

Ndugu yetu Odoi, dereva wa trela, yule pale aliyekwisha kuanza kula, siku moja alisimamisha picha akilalamika kwamba dereva mle ndani amebadilisha gia mara kumi na tisa kwenye barabara iliyonyooka. Owori akamjibu, "Hiyo dereva naogopa. Mutu ikiogopa, mukono natafuta kazi. Wewe Odoi, siku ile breki ilikataa, mukono yako ilikaa wapi?" Odoi aliketi polepole.

Lakini siku iliyonifanya nimwogope mzee huyu, kwa maana ya ile hofu tuliyo nayo mbele ya kitu kikubwa, ni siku ya bomu. Nilisimama kwa majivuno yangu yote. Nikasema, "Simamisha! Mzee, mtu anataka kuua mji mzima, kwa nini aweke kwenye bomu saa yenye namba nyekundu kubwa, ili adui asome amebakiwa na dakika ngapi?" Ukumbi ulinishangilia. Nilijua leo nimempata.

Owori aliitazama ile saa kwenye skrini. Kisha akasema, "Loy, hiyo saa si ya bosi. Bosi nataka watu wote wakufe. Saa aliweka fundi. Fundi iko na watoto, kukataa kazi hakuweza. Kwa hiyo aliweka saa kubwa, nyekundu, mutu apate kuona mapema."

Niambieni, wageni waalikwa, nani alimfundisha hivyo? Picha ile ilikuwa na waandishi, na waongozaji, na mamia ya majina yale yanayopanda mwishoni, na hakuna hata mmoja aliyemfikiria fundi. Mtu mmoja kutoka Kisoko, aliyeketi kwenye kreti ya soda, alimwona. Tangu siku ile, katika ukumbi wa Owori bomu likionekana, watu walimpigia makofi fundi. Mimi nilikwenda nyumbani nikatazama karatasi zangu za forodha kwa jicho lingine, nikaanza kujiuliza ni makosa mangapi niliyoyakamata ambayo mtu aliyaacha makusudi ili yaonekane.

Sasa, wiki mbili zilizopita daktari alimwambia mzee koo lake limechoka, aliache lipumzike, naye akaamua kurudi shambani Kisoko. Kamati ilipokwenda kumweleza habari za sherehe hii ya kumuaga, alikataa. Kwa ule mnong'ono aliobakiwa nao alituambia, "Mimi nilikuwa naziba uongo ya watu. Mutu kama hiyo mnaaga ya nini?" Hakuwa akitania. Mama Juliet alikuwepo, aliona macho yake. Miaka ishirini na minane, na anaondoka akiamini kwamba alikuwa mpiga domo tu!

Nimesimama hapa kumjibu. Na jibu langu ni jambo ambalo sijawahi kumwambia, kwa sababu lilikuwa na aibu ya nyumba yetu ndani yake. Jana nilimwomba baba yangu, Mzee Matayo, ruhusa ya kulisema. Yuko hapa. Aliniambia, "Sema yote."

Sisi kwetu tulizaliwa mabinti wawili. Mkubwa wangu ni Daphine. Baba alimtafutia nafasi katika chuo cha ualimu, Daphine akasema yeye anataka kushona nguo. Walivutana mwezi mzima. Siku ya mwisho baba alimwambia, "Ukitoka mlango huu, jina lako nalo litoke." Daphine alitoka. Na jina kweli likatoka. Mama alimlilia chumbani bila kumtaja, akafariki bila kumtaja. Tulikula Krismasi, tukaoana na watu, tukazika, tukabatiza, na hakuna aliyesema, "Daphine." Miaka tisa. Mimi, mwenye macho makali, niliona kila shehena isiyolingana na karatasi yake, na nyumbani kwangu sikuona kitu.

Halafu ikaja Jumapili moja. Picha ilikuwa ya kawaida: shujaa, maadui, magari, mwisho harusi kubwa. Tulikuwa kwenye harusi, akina mama wanapiga vigelegele, na picha ikasimama. Tukageuka kutafuta nani ameisimamisha. Hakuna aliyesimama. Ni Owori mwenyewe. Katika miaka yote ile ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Akauliza, "Nani anakosekana?"

Tulitazama harusi. Bwana yupo, bibi yupo, rafiki mwenye kuchekesha yupo na mkono umefungwa bandeji. Watu wapatao sitini tuliguna kwamba hakuna anayekosekana.

"Dada ya shujaa," Owori akasema. "Dakika ya kumi na mbili alitoka kwenda dukani. Alisema, nakwenda kununua chumvi, narudi sasa hivi. Hajarudi. Hii watu wamepigana, wamelala, wameamka, sasa wanakula pilau. Nani amemuuliza?"

Mtu mmoja alimwambia, basi uzibe, mzee, wewe ni fundi. Owori akatikisa kichwa. "Hii siwezi kuziba. Kitu imeonekana, imeonekana, na huyu dada hakuonekana tena. Mimi naweza kuuliza tu." Akairudisha picha hadi ile dakika ya kumi na mbili. Akaipitisha upya, na safari hii alitia swali vinywani mwao wote. Shujaa anapiga ngumi, huku anauliza, "Dada yangu yuko wapi?" Adui anakufa, pumzi ya mwisho anasema, "Sikumwona dada yako." Padri badala ya kuuliza kama kuna mwenye pingamizi, akauliza nani amekwenda kumtafuta. Tulianza kwa kucheka. Hatukumaliza kwa kucheka. Na mimi nilikuwa nimeushika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Nilitoka pale nikapita moja kwa moja kwa baba. Alikuwa mezani. Sikuvua hata kiatu. Nikasema, "Baba, Daphine yuko wapi?"

Nilingoja kofi au kelele. Baba aliweka kijiko chini. Akasema, "Miaka tisa nangoja mtu mmoja katika nyumba hii aniulize."

Ndugu zangu, mnalisikia hilo? Baba alikuwa amelifungia jina nje na hakujua kulifungulia, na sisi tulidhani kumnyamazia ndiyo heshima. Alishindwa kuanza. Alihitaji mtu wa kusimamisha. Wiki ile ile tulianza kuuliza, mimi kwa madereva wangu, baba kwa watu wa kanisa. Haikuchukua hata siku kumi. Daphine alikuwa Tororo. Tororo hapa! Mwendo ambao boda boda hata hajazi tangi kwa ajili yake. Alikuwa na cherehani tatu na binti aliyempa jina la mama yetu. Tulipofika mlangoni alitutazama, akasema neno moja tu: "Mmechelewa." Kisha akatuwekea chai.

Mzee Owori, usijaribu kujibu, koo lako halikuruhusu, na leo ndiyo siku pekee maishani mwangu nitakayosema mpaka mwisho bila kushindwa nawe. Unasema uliziba uongo wa watu. Mimi nasema ulituonyesha mahali ambapo mtu ameanguka nje ya hadithi na wenzake wakaendelea kula. Ile uliyodhani umeshindwa kuiziba ndiyo iliyoifungua nyumba yangu. Nimekaa na jambo hili miaka saba, na bado kila nikilitazama nashindwa kuelewa lilivyo kubwa. Nakustaajabia, mzee wangu. Nakustaajabia kweli kweli.

Ile picha hatuwezi kuibadilisha, najua. Kitu imeonekana, imeonekana. Yule dada ataendelea kwenda dukani kila itakapowashwa. Lakini kwenye lile benchi la nyuma, karibu na nguzo, ameketi mwanamke mwenye gauni la kijani alilolishona mwenyewe, ambaye ndiye pia aliyelishona koti lililokukaa mwilini sasa bila wewe kujua limetoka kwa nani.

Daphine, dada yangu, simama. Mpisheni, tafadhali. Pita katikati, usiogope. Kile kifurushi ulichoshika mkabidhi mzee mkononi.

Mzee Owori, pokea. Ni nusu kilo tu, ya dukani, ya kawaida. Amechelewa, lakini amerudi na chumvi.

Mheshimiwa Meya na nyote mliohudhuria, ahsanteni kwa kunitegea masikio. Picha iendelee.