Mbeuo wa Ng'ombe Namba Saba

Ndugu waombolezaji, mimi fundi cherehani ni mdogo wake marehemu, na familia imenipa karatasi hii kwa sharti kwamba nisipandishe sauti, nitajitahidi.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Mei 1966, nyumba ya tatu kutoka josho la ng'ombe, akasoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha mifugo, alikohitimu mwaka 1987. Tarehe 3 Februari 1988 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mifugo, na tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na wifi yangu, mkunga, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1994 na 1999.

Kuanzia 2009 hadi 2017 alipima methani, gesi inayotoka mdomoni ng'ombe anapobeua na kuongeza joto duniani, akiwavisha hatamu yenye kimrija kando ya pua, akihesabu kila mbeuo kwa saa nzima, hata tukamwita Bwana Mbeuo naye akaitika. Aligundua kwamba majani yakikatwa kabla ya kutoa maua, yakachanganywa na mashudu, gesi inapungua na maziwa hayapungui, akayaandika yote kwa mkono wake katika madaftari kumi na moja, ambamo neno mbeuo alilifupisha "mb.", maana kuandika kulimchosha.

Mwaka 2018 mkurugenzi wake, ambaye namwona ameketi mstari wa pili, na namkaribisha sana, aliazima madaftari hayo kwa wiki moja, akayarudisha, akatoa ripoti yenye jina lake peke yake, akapewa tuzo, na kaka akahamishiwa stoo ya kamba na ndoo. Ukurasa wa 26 wa ripoti hiyo unasema ng'ombe namba saba alitoa mbolea mara arobaini na mbili kwa saa moja. Mbolea, jamani, ile "mb." ya kaka. Ng'ombe huyo angebaki ngozi tupu, lakini siku ya tuzo ukumbi mzima ulipiga makofi, na kaka alikuwa nyuma akipanga viti.

Agosti 2021 alianza kuugua figo, akafariki tarehe 6 Machi 2023, saa nne asubuhi, akili zake zikiwa timamu, akiwa ametuagiza tusimsamehe mtu yeyote kwa niaba yake. Sisi ni familia tiifu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, na wafanyakazi wenzake, hasa mkamuaji aliyetia saini kwamba alimwona kaka akiwapima ng'ombe hao. Jana mchana mimi na wifi tuliyakabidhi madaftari yote, pamoja na ukurasa wa 26, kwa kamati iliyotoa tuzo, nayo itakaa Jumatatu saa tatu, na barua ya kumwita mkurugenzi ninayo humu mkobani, atapewa tukitoka makaburini.

Wewe pumzika kwa amani, kaka. Sisi bado.