Mama Pazia na Mdhamini Wake

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna sufuria jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kwenye cherehani, endelea kushona, usisimame. Huyu tunayemkumbuka leo hakupenda mtu aache kazi kwa sababu ya redio. Leo tunamkumbuka Mama Pazia.

Mama Pazia ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, watu wake wakiwa karibu. Alikuwa fundi cherehani. Alikuwa kiongozi wa kundi la maigizo la Mtaa wa Juu. Na kwa miaka mingi, mpaka alipostaafu, alikuwa afisa wa serikali wa sanaa, utamaduni na programu za jamii katika mji wetu. Fundi cherehani akawa afisa. Jinsi alivyoipata kazi hiyo ndiyo habari niliyokuja nayo, na naomba nisiharakishwe, maana fundi mitambo wangu hapa ana tabia ya kunionyesha saa.

Jina lenyewe alilipata ukumbini. Ukumbi wetu wa jamii mnaujua, ule wenye mlango wa kijani unaogoma mvua ikinyesha. Zamani jukwaa lake halikuwa na pazia. Mtu akifa kwenye mchezo, ilibidi ainuke mwenyewe aondoke, watu wakimtazama. Watoto walikuwa wakimpungia mkono! Mama Pazia hilo lilimkera. Akakusanya mashuka yaliyochakaa, akayatia rangi nyekundu, akayaunga, akayatundika. Tangu hapo waliokufa jukwaani wakapata heshima yao, na yeye akapata jina.

Sasa, ukumbi ulikuwa mmoja lakini makundi yalikuwa mawili. Kundi la Mtaa wa Juu lilikuwa la Mama Pazia. Kundi la Mtaa wa Chini lilikuwa la Kinyozi, yule yule wa kona ya posta, mwenye sauti inayofika kabla yake. Na wiki ina Jumamosi moja tu. Mafahali wawili hawakai zizi moja, ndugu zangu. Waligombania Jumamosi, wakagombania mabenchi, wakagombania hata msumari wa kutundikia taa. Siku moja Mama Pazia alimfungia Kinyozi nje, mvua inanyesha, na Kinyozi ameshavaa ndevu za bandia. Gundi ikaachia. Kinyozi aliingia ukumbini na ndevu mkononi, na maneno aliyoyasema siwezi kuyarudia hewani.

Basi afisa utamaduni wa wakati ule akahamishwa. Kiti kikabaki wazi. Ukumbi ukakosa mwenyewe, na ofisi za jirani zikaanza kuleta viti vibovu na makabati ya kutu. Kwanza wakaweka nyuma ya jukwaa. Halafu juu ya jukwaa. Ikasemwa wazi kwamba nafasi ile isipopata mtu, ukumbi utafanywa stoo. Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini, wote wangebaki barabarani. Mama Pazia aliliona kabati limeegemea pazia lake, akarudi nyumbani akatafuta vyeti vyake.

Tangazo la kazi lilipobandikwa, akaomba. Elimu alikuwa nayo, aliisomea jioni jioni baada ya kufunga cherehani. Lakini maombi yalidai mdhamini, yaani mtu atakayepigiwa simu na kuulizwa habari zako. Mtu mwingine angemwandika mwalimu mkuu, au daktari, au shemeji mwenye tai. Mama Pazia akamwandika Kinyozi.

Narudia, msije mkadhani redio imekoroma. Aliyemwandika ni Kinyozi.

Binti yake wa pekee amekuja hapa studio. Ni mwalimu sasa, na ana kicheko cha mama yake. Ameniambia hivi: “Nilimuuliza, mama, una homa? Huyo mtu hakusalimii! Akaniambia, ‘Mwanangu, anayenipenda atanisifu hata nikikosea. Hao wakubwa wanataka kujua nitakavyokaa na watu wasionipenda. Sasa wamuulize nani, wewe?’ Baba alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini, akasema, ‘Mke wangu, umemkabidhi fisi bucha.’ Akaondoka zake.”

Wasikilizaji wapendwa, Kinyozi mwenyewe yupo. Amezeeka lakini sauti ni ile ile, fundi mitambo imebidi amsogezee kipaza sauti mbali. Nimemuuliza ilikuwaje siku ile.

“Nilikuwa namnyoa mtu,” amesema. “Nimemaliza upande mmoja. Simu ikalia. Sauti ya kiofisi ikaniuliza, unamfahamu mama huyu? Nikasema, namfahamu kuliko ninavyopenda. Wakaniambia amekutaja wewe kuwa mdhamini wake. Nikadhani ni utani. Nikauliza, kanitaja mimi? Kwa hiari yake? Wakasema ndiyo. Nikakaa kwenye kiti cha wateja.”

Mnaona mambo hayo? Kazi ya mtu, ukumbi wa mji mzima, vyote vipo kwenye ulimi wa mtu aliyewahi kubanduliwa ndevu. Kinyozi hakunificha. “Ningeweza kummaliza pale pale,” amesema. “Neno moja tu. Hata kukohoa vibaya kungetosha. Na shetani alikuwa amekaa hapa begani, ananiambia, kohoa.”

Nikamuuliza, ukasema nini?

“Nikawaambia ukweli. Ana domo, nikasema. Mbishi. Akisema pazia linafunguka saa kumi, linafunguka, hata kama mgeni rasmi bado anafunga viatu. Nikawaeleza habari ya ndevu, yote. Wakacheka. Halafu nikakumbuka siku ya mashindano.”

Siku ya mashindano, wasikilizaji. Wazee mnaikumbuka. Makundi yote mawili yalikuwa yanawania kikombe. Kundi la Kinyozi linaingia kwanza. Saa moja kabla ya mchezo, mwigizaji wake mkuu, yule wa kucheza mama mkwe, akashikwa na uchungu wa kuzaa na kukimbizwa hospitali. Mchezo wenyewe ni habari ya mama mkwe mwanzo hadi mwisho. Kinyozi akakaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Mara akatokea Mama Pazia. Akamwambia, “Nipe kanga yake na fimbo. Maneno nayajua.”

“Nikamuuliza unayajuaje,” amesema Kinyozi. “Akasema, ‘Nimekuwa nikiwachungulia dirishani mwezi mzima. Ulidhani yule alikuwa paka?’”

Alikuwa anawapeleleza! Na siku hiyo upelelezi wake wote akaumwaga jukwaani kwa faida ya mpinzani. Alimcheza yule mama mkwe mpaka wanawake kwenye mabenchi wakaanza kumzomea kwa hasira za kweli. Kisha akavua kanga, akaenda kuongoza mchezo wa kundi lake. Kikombe kikachukuliwa na Kinyozi. Kwa nguvu za Mama Pazia, Mama Pazia akashindwa. Watu wa Mtaa wa Juu walimnunia, akawaambia, “Nimekuja kushindana na mchezo. Sikuja kushindana na uzazi wa mtu.” Na kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Kinyozi, anadai alipwe benchi lililovunjika.

Hayo ndiyo Kinyozi aliyoyasema kwenye simu, mteja wake akisubiri na nusu kichwa. Mwisho wakamuuliza, kwa hiyo unampendekeza? Akajibu, “Mimi simpendi. Mpeni kazi.”

Nimempigia mwenyekiti wa jopo la usaili la wakati ule, sasa ni mstaafu. Ameniambia wadhamini wote wa waombaji wengine walisema mtu wao ni malaika. “Tukawa na malaika chumba kizima,” amesema, “na mtu mmoja tu. Tukamchukua mtu.” Akaongeza kwamba siku ya usaili, pazia la dirisha mle ofisini lilikuwa limening'inia kwa kulabu moja. Mama Pazia alisalimia, akalirekebisha, ndipo akakaa. Mimi hilo sikushangaa hata kidogo.

Akaipata kazi. Mtaa wa Juu wakapiga vigelegele, wakasema sasa Jumamosi zote ni zetu. Mtaa wa Chini wakaanza kutafuta ukumbi mwingine. Siku yake ya kwanza kazini, Mama Pazia alitoa makabati. Aliyavuta mwenyewe, amevaa viatu vya ofisini. Siku ya pili akaita makundi yote mawili, akagawa Jumamosi sawa kwa sawa, na ya kwanza akampa Kinyozi. Watu wake wakamwambia, umetusaliti. Akawajibu, “Jana nilikuwa wenu. Leo ni wa wote wanaoingia mlango huu.” Uongozi wa kundi akaukabidhi kwa mwingine siku hiyo hiyo. Binti yake anasema alilia aliporudi nyumbani, halafu akala akalala.

Tangu hapo, vijana wangapi wamepita kwenye jukwaa lile? Hata mimi, sauti hii mnayoisikia, ilianzia pale, nikicheza mlinzi asiye na neno hata moja. Alikaa benchi la nyuma kila mchezo. Ukikosea, alikohoa. Kikohozi chake tulikiogopa kuliko wahakiki wa magazeti. Nasema kwa fahari, mji huu ulipata afisa wa kweli, na ukumbi ule haukuwa stoo. Mpaka leo si stoo.

Kinyozi alikwenda kumwona siku chache kabla hajafariki, kundi lake likiwa linaurudia ule mchezo wa mama mkwe, na Mama Pazia alishauona mazoezini. Alimkuta kitandani, macho makali kama zamani. “Hakunisalimia,” amesema. “Aliniambia, ‘Mama mkwe wenu wa safari hii hafai, anaongea kama anaomba maji.’ Nikamwambia, basi inuka uje ucheze. Akacheka. Akasema, ‘Safari hii tafuta mwingine.’” Kisha ameniuliza, “Sasa mimi nitagombana na nani?”

Kwa mumewe, kwa binti yake, kwa Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini, tunawapa pole kutoka moyoni. Msiba huu ni wetu sote. Mungu ampumzishe mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, nakuachia jambo moja. Marafiki zako waweke pembeni leo. Mfikirie mtu mmoja asiyekupenda. Sasa simu yake inalia, anaulizwa habari zako. Mimi nimemfikiria wangu njiani nikija studio, na nimetoka jasho. Akisema hakupendi, hiyo si kitu. Sikiliza atakachosema baada ya hapo.