Mektrida na Jani la Isale

Ndugu waombolezaji, kabla hatujamshusha Mektrida kaburini, sikieni alivyoishi. Alizaliwa Kibosho tarehe 6 Januari 1921, akabatizwa kabla juma halijaisha, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaachishwa mwaka 1934 kwa sababu, walivyosema wakubwa, kalamu haikati majani ya ng'ombe.

Mwaka 1936 alianza kuchambua kahawa kiwandani Moshi mjini, akishuka kwa miguu alfajiri na kupanda jioni, na huko ndiko alikompata rafiki yake Mwanajuma. Tarehe 18 Novemba 1939 alifunga ndoa na Melkior, wakajaliwa Primus, Yuditha na Bernadetha. Melkior alifariki Machi 1950, na kabla matanga hayajaanuliwa mdogo wake, Leodegar, alimfungua ng'ombe wa maziwa zizini kwa mjane, akidai ni mali ya ukoo, na tangu siku hiyo wawili hao hawakusalimiana, ingawa moshi wa jiko la huyu uliingia kwa yule.

Tarehe 19 Agosti 1953 daktari alimwambia Mektrida kwamba ana kansa ya titi. Baadhi yetu tumekuwa tukiuita ugonjwa huo jipu, leo tuache. Alitakiwa kukatwa titi hilo, kisha akae miezi mingi bila kubeba mkungu wala mzigo wa majani, na alichomwuliza daktari si kama atapona, bali, "Watoto watakula nini?"

Basi akaomba. Akina mama wa parokia walimwahidi novena, wakubwa wa ushirika wa kahawa walimwambia mwanachama alikuwa mumewe, na mwanachama huyo amekufa, Mwanajuma akamletea unga na mafuta ya taa kila alipojaliwa, lakini naye alikuwa na watoto wake wa kulisha. Ukabaki mlango wa Leodegar, aliyekwisha kutuma neno kwamba atawalisha watoto akipewa nusu ya kihamba, yaani nusu ya migomba na kahawa ambayo watoto haohao wangeirithi.

Jumapili tarehe 13 Septemba, wazee wa ukoo wakinywa pombe ya mbege uani kwa Leodegar, Mektrida aliingia ameshika jani la isale. Kwetu jani hilo hupelekwa na mkosaji kwa aliyekosewa, na halikataliwi, maana anayelipokea amerudisha udugu, na ndugu haachi watoto wa ndugu yake walale na njaa. Aliwaamkia wazee shikamoo, akapiga magoti, akamnyooshea shemeji yake lile jani. Leodegar aliiacha mikono yake mapajani.

"Shemeji, kwani umenikosea nini?"

"Nimekungoja miaka mitatu uniletee wewe. Nisamehe, sasa sina muda wa kukungoja."

Mzee mmoja akasema, "Pokea, baba, mkono wa mgonjwa unachoka," na mwingine akacheka ndani ya kata yake, akajifanya amepaliwa. Leodegar alitazama jani, akawatazama wazee mmoja mmoja, asipate wa kumwokoa, akalipokea. Kabla giza halijaingia ng'ombe alikuwa amerudi zizini, na habari ya nusu ya kihamba haikutajwa tena.

Mektrida alipasuliwa tarehe 21 Septemba, akaishi kumwona Primus akimaliza darasa la nane, huku mikungu ikija kutoka kwa Leodegar kila wiki, mingine midogo, lakini ikija. Februari mwaka huu ugonjwa ulirudi, ukaingia mgongoni, naye akafariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 2 Juni 1956.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Mwanajuma na wenzake wa kiwandani, na majirani waliomkatia majani bila kutangaza. Tunamshukuru pia ndugu Leodegar, aliyewalisha watoto hawa hadi leo, na kwa kuwa wazee wote wapo, tunamwarifu kwa heshima kwamba aliyefariki ni mama yao, wao bado wanakula.

Pumzika, Mama Primus. Milango uliyobisha yatosha.