Mafuta ya Halwaridi kwenye Breki

Ijumaa ya tarehe 28 Agosti, Bwana Mohdhar Jeilani atavua ovaroli lake la buluu kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Yadi ya Magari ya Mwambao, hapa Mokowe, kwa miaka ishirini na saba. Umri wa kustaafu umefika, na magoti yake yamekuwa yakimkumbusha hivyo kila anapochutama mbele ya gurudumu. Hiyo ndiyo sababu ya kuondoka kwake, wala hakuna nyingine. Nalisema hili mapema kwa kuwa tangu Idi ya Mfunguo Tatu yamezagaa maneno gatini kwamba Mohdhar anaondolewa kwa kuharibu breki za gari la watu. Maneno hayo yamemuumiza, na sisi tunaofanya kazi naye yametuchoma. Kwa hiyo wasifu huu utakuwa mrefu kidogo kuliko ilivyo desturi, na mwenye haraka ya biriani atuvumilie.

Kwa wageni wetu wa leo, niseme kwa ufupi kazi yetu ni nini. Barabara ya lami inaishia hapa Mokowe. Anayekwenda Amu au Pate huacha gari kwetu, akapanda boti, nasi tukabaki kulilinda mpaka arudi. Kulilinda na wezi ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kulilinda na chumvi. Upepo wa mkondo hauna likizo, na gari likikaa wiki tatu bila kuguswa, diski za breki hugeuka rangi ya matofali na pedi zikazing'ang'ania. Mwenyewe akija kuondoka, gurudumu halitaki kwenda.

Mohdhar aliajiriwa mwaka 1999 kuosha magari. Alitoka Mkomani, mtaa wa Amu ambao barabara yake pana kuliko zote hupitisha punda wawili kwa taabu, na hakuwa amewahi kushika usukani. Mpaka leo hajui kuendesha. Alijaribu mara moja tu, na ukuta wa choo cha wageni una alama mpaka hii leo. Tangu hapo, gari likihitaji kusogezwa hata hatua mbili, yeye humwita mtu, kisha hukaa pembeni akatoa maelekezo kama rubani.

Lakini magurudumu aliyapenda, na kutoka kuosha alipanda akawa msimamizi wa magurudumu na breki. Alikuwa na masharti yake. Gurudumu halioshwi likiwa na joto. Kitambaa cha rimu hakigusi bodi, kwa sababu unga mweusi wa breki ukikwama kwenye kitambaa hukwaruza rangi. Brashi iwe laini, sabuni iwe ya kawaida, na zile dawa kali za kung'arisha rimu kwa dakika moja zilipigwa marufuku hata kuingia langoni. Zaidi ya yote, hakuruhusu maji ya kisima. "Mai haya yana munyu," alikuwa akisema, na ndoo ikamwagwa mbele yako. Ilikuwa lazima uende kwenye tangi la mvua, hata kama gari lenyewe ni la kubebea mbuzi. Nimefanya kazi mapokezi kwa miaka tisa, na nimesikia wafanyakazi wakimlalamikia kila siku ya Mungu. Sijasikia mteja hata mmoja.

Sasa tuje kwa Bwana Husni Wazir. Husni ni mtoto wa Mkomani aliyehamia Mombasa kwa biashara, na mama yake, Bi Hindu, anakaa mlango wa tatu kutoka kwa Mohdhar. Ndege ndogo zinamtia Husni hofu, basi linamchosha, lakini gari la spoti analipenda kama mtoto anavyopenda peremende. Lami ilipokamilika, akaanza kuja kila mwezi. Gari lake ni la kijani, limelala chini, lina viti viwili, na likiingia yadi kila mtu hukumbuka ana kazi upande ule.

Shida yake ilikuwa ile ile ya chumvi. Mara tatu alikuta diski zimeshika kutu na gurudumu la nyuma limegoma, na mara ya tatu alisema waziwazi kwamba amechoka, afadhali aliuze. Bi Hindu alipopata habari hizo alimngojea Mohdhar mlangoni akamuuliza kama hakuna la kufanya. Akiuza gari, mwanawe ataonekana Idi kwa Idi.

Ndipo ukaanza mjadala wa breki za kaboni na seramiki. Husni alikuwa amesoma habari zake akazitamani, na Mohdhar alizipinga kwa nguvu zote. Alisema vitu vya udongo wa kuchoma ni vyetezo na vikaango, na hajaona kikaango kikisimamisha gari. Tulicheka, na Husni akacheka, lakini Mohdhar ana sifa moja ambayo wengi wetu hatuna: akibisha, huenda kuuliza. Alipiga simu kwa muuza vipuri mmoja wa Mombasa, akamsumbua mama wa watu kwa wiki nzima, kisha akarudi kwa Husni akasema amebadili mawazo.

Alimpangia mazuri na mabaya bila kuficha. Kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi, diski za chuma zinatosha kabisa. Hizi za seramiki bei yake inatisha, zikiwa baridi hulia kidogo, na ukizigonga ukingoni wakati wa kufungua gurudumu zinaweza kumeguka. Lakini ni nyepesi, hazichoki kwa joto, na vumbi lake ni kidogo hata rimu husafishika kwa sponji na maji matamu. Kilichokata shauri ni kwamba hazishiki kutu. Kwa gari linalolala Mokowe, alisema Mohdhar, hilo peke yake lashinda mengine yote. Husni akafunga breki mpya mwezi wa Februari. Alipoondoka safari iliyofuata, gari liliteleza kutoka mahali pake kana kwamba liliegeshwa asubuhi ile. Mohdhar alisimama langoni akilitazama mpaka lilipopotea, na sijui kati yake na Bi Hindu nani alifurahi zaidi.

Ijumaa iliyofuata Idi ya Mfunguo Tatu, Husni alipaswa kuondoka saa tisa alasiri kuwahi mkutano Mombasa. Mohdhar aliporudi kutoka msikitini alikwenda kulitazama gari kama kawaida yake. Kabla hajafika alisikia harufu ya udi. Akachutama, akapitisha kidole katikati ya mikono ya rimu mpaka kwenye diski, kidole kikatoka kinang'aa. Yalikuwa mafuta ya nazi yaliyotiwa halwaridi, magurudumu yote manne.

Mtu wa Amu hahitaji kuambiwa maana yake. Kitu kipya chenye heri hufukizwa na kutiwa manukato. Hamdu, mlinzi wetu, alimweleza kwamba Bi Hindu alivuka asubuhi na chetezo chake na kichupa, akasema yeye ni mama wa mwenye gari, na Hamdu akamfungulia lango na kumletea kiti. Angefanya nini kingine? Bibi alikaa mbele ya kila gurudumu, akasoma dua, akaingiza mkono na kupaka mpaka ndani. Kisha akarudi zake Amu kwa boti, roho imetulia.

Kwa breki, mafuta ni sumu. Diski huweza kusafishwa, lakini pedi zikishayanywa hazifai tena, na gari lingetoka hapa kwa kasi ile bila cha kulizuia. Mohdhar alimkataza Hamdu kusema neno. Husni alipofika, Mohdhar alimwambia gari halitoki mpaka pedi mpya zije, na kwamba kosa ni lake: kitambaa chenye mafuta kiligusa diski wakati akisafisha.

Husni alifoka. Mkutano ulimpita, pedi zilichelewa, na maneno aliyoyasema mbele ya wafanyakazi na wateja sitayaandika hapa. Mohdhar aliyasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Meneja wetu, Bi Lubna Nabhan, hakuwa na njia ila kufuata utaratibu: Mohdhar aliondolewa kwenye magurudumu akapewa kazi ya kuandika namba za magari langoni. Aliikubali bila kinyongo. Lakini mimi huketi kwenye dirisha linalotazama lango lile, na nilimwona kila gari lilipoingia akiangalia magurudumu kwanza, kisha akikumbuka kwamba siku hizi anatakiwa kuangalia namba. Nilikasirika sana, wala sikujua nimkasirikie nani. Mtu ametunza breki za watu robo karne, anaondoka akiitwa mzembe.

Mwezi wa Juni Husni hakuja. Julai hakuja. Bi Hindu alimuuliza Mohdhar mlangoni kama gari limeharibika, naye akajibu kwamba vijana wana shughuli nyingi. Mwishowe bibi akapiga simu mwenyewe. Husni alimwambia hana tena wa kumwachia gari, kwa sababu Mohdhar amezipaka breki mafuta. Bi Hindu akauliza mafuta gani. Husni akasema hajui, ila yalinukia halwaridi, na hata sasa haelewi fundi anapata wapi halwaridi.

Mwanzoni mwa mwezi huu wa Agosti tulimwona Bi Hindu akishuka botini, ameongozana na mwanawe aliyekuja Amu kwa basi usiku kucha kwa amri ya mama. Bibi hakukubali kiti. Alisimama katikati ya yadi akataka sote tuitwe, kuanzia meneja hadi mpishi wa chai.

"Mafuta nimepaka mimi, kwa mkono wangu huu," alisema. "Mohdhar msimwandame. Magurudumu haya ndiyo yaniletao mwanangu, nami nikaona niyatie manukato."

Hapo ndipo Mohdhar alipotushangaza. Badala ya kushukuru, alibisha. Alisema Bi Hindu amechanganya siku, kitambaa kilikuwa chake, na bibi asijitie katika mambo ya gereji. Bi Hindu akamuuliza kama anamwita mwongo mbele za watu. Mohdhar akasema la hasha. Bibi akamuuliza basi halwaridi aliipata wapi, yeye ambaye mkewe humlalamikia kwa kunuka grisi. Hamdu naye, aliyekuwa amebana siri miezi miwili mpaka amekonda, akasema yote kwa pumzi moja.

Husni alimwendea Mohdhar, akaushika mkono wake na kuubusu, kama tunavyowafanyia wazee wetu. "Niwie radhi," alimwambia. "Mbona hukunambia?" Mohdhar alimjibu kwa sauti ndogo, lakini mimi nilikuwa karibu. Alisema angemwambia, Husni angemfokea mama yake namna alivyomfokea yeye, na bibi asingepata tena usingizi. Yeye, fundi, kufokewa amekuzoea.

Nalia ninapoandika sentensi hiyo, na sioni haya.

Bi Lubna alimrudisha kwenye magurudumu siku ile ile. Amemaliza wiki zake za mwisho akisafisha, akikemea na kumwaga ndoo za wenzake, na yadi imerudi kuwa na kelele zake. Husni ameanza tena kuja kwa gari. Bi Hindu amekubaliana na Mohdhar kwamba manukato yatiwe ndani ya gari, kwenye viti, na magurudumu yaachiwe maji matamu peke yake.

Kabla ya kuandika haya nilimwomba Mohdhar idhini, ingawa nilijua angekataa. Alikataa mara mbili. Alisema jina lake limeshasafika kwa wanaomjua, na hao wengine atakutana nao msikitini. Nilipomwambia kwamba Bi Hindu mwenyewe ametaka iandikwe, alifikiri, akakubali kwa sharti moja. Sharti lenyewe ni kwamba popote tutakapolisimulia jambo hili, hapa ukumbini, gatini au kwenye boti, tusiseme Bi Hindu aliharibu breki. Tuseme alikuwa akishukuru.

Basi na ijulikane hivyo. Bwana Mohdhar, ahsante kwa miaka yote uliyochutama ili wengine wafike salama. Mungu akupe afya, akupe magoti yasiyouma, na akuzidishie majirani wema kama wewe mwenyewe. Nenda kapumzike, baba yetu, na maisha yakuwie mema.

Sumeiya Harith, Mapokezi
Kwa niaba ya wafanyakazi wote