Bidoni yenye picha ya moto

Sifa ni kwa Yesu, ndugu zangu. Wengine wanaleta ushuhuda wakiwa wamemaliza kulia. Mimi sijamaliza.

Munanifahamu, mimi ni Mama Kavira wa Katoyi, muuza vinegri, siki ya kutia kwenye chakula. Nilikuwa ninanunua asidi kali kwa bidoni, dumu zima la plastiki, ninaichanganya na maji mengi, ninaitia kwenye chupa. Kabla ya kuongezewa maji, asidi ile inakula ngozi. Hilo nilijua. Sikujua kwamba inashika moto pia.

Asubuhi moja ya baridi niliikuta imeganda kama barafu ndani ya bidoni. Juu ya bidoni kulikuwa na kibandiko chenye picha ya moto na maandiko ya kigeni. Nikamwambia bwana yangu, Papa Kasereka: "Ona, wanatuonyesha tuipashe moto." Akanijibu: "Wewe ndiye unajua kazi yako, mama." Ndugu zangu, aliniamini.

Nikaiweka kando ya mbabula, jiko letu, yenye makala mekundu ya moto, mlango umefungwa sababu ya baridi. Papa alipofungua kifuniko aone kama imeyeyuka, mvuke ukakutana na makala. Moto ukamlipukia usoni, bidoni ikaanguka, asidi ikamrukia machoni.

Nikakimbilia mawese nimpake, vile tulivyozoea. Jirani yangu Mama Furaha, anayeuza asidi ya betri, akanishika mkono: "Acha mafuta! Lete maji, mengi!" Nilikuwa na bidoni moja tu ya maji, na munajua shida ya maji kwetu. Nikasita. Ndugu zangu, niliyaonea maji uchungu mbele ya macho ya bwana yangu. Mama Furaha akamwaga ya kwake yote, majirani wakaleta ya kwao, tukamwagia bila kuacha mpaka pikipiki ya kumpeleka hospitali ilipofika. Munganga wa hospitali alisema maji yale yaliokoa jicho moja. La pili, la kushoto, limekufa.

Hajanilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu. Nimeomba, nimefunga, na bado ninaamka na uzito uleule.

Mama, kama una bidoni yenye alama usiyoielewa, uliza kwanza. Iweke mbali na moto, fungua mlango, weka maji karibu. Ikikurukia, jioshe, usipake kitu.

Na wewe unayejichukia kama mimi, usimwache Mungu. Jana nilikaa upande wa kushoto wa Papa, nikijificha. Akapapasa mkono wangu, akanivuta polepole upande wa pili, akasema: "Kaa huku, mama, nikuone."